Faili la Namoh Dongi

Nurudin Virani alikuwa mtu wa kushuku tangu hajaota ndevu, na kampuni ya bima ikamlipa mshahara kwa tabia hiyo hiyo kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kupitia madai. Mtu anasema ameteleza ngazini akavunjika mguu. Nurudin anataka kujua ngazi zina vidato vingapi, na nani alimwona mgonjwa huyo juu ya baiskeli wiki iliyofuata. Siku aliyostaafu walimzawadia saa ya ukutani. Alipofika nyumbani aliifungua nyuma kuhakikisha kama ni mpya.

Kwa hiyo siku Azmina, binti yake wa pekee, alipomleta nyumbani kwao, mjini Markham, mwanamume mrefu mwenye mabega ya kujaza mlango, akasema, "Baba, this is Namoh, anacheza besiboli," mzee alitabasamu vizuri, akampa mkono, na papo hapo akaanza kazi.

Namoh Dongi alikuwa Mtaiwani, lakini si Mchina. Mwenyewe alilieleza hilo mezani kwa Kiingereza cha polepole: watu wake wanaitwa Waamis, na walikuwako kisiwani kabla Mchina wa kwanza hajatia mguu pale. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa mrushaji, yule anayesimama katikati ya uwanja na kumrushia mpira mwenye gongo. Alikuwa amecheza Taiwan, akacheza Meksiko, akacheza Marekani, na msimu huu ulikuwa wa tatu na timu moja ndogo ya Downsview iitwayo Herons, ambayo wachezaji wake wote wana kazi nyingine mchana. Yeye alipakua mizigo ghalani. Bega lilimpeleka kwa Azmina, ambaye ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na bega lilipopona mwenye bega akaendelea kuja.

Mambo mawili yalimkaa Nurudin rohoni jioni hiyo. La kwanza, mgeni alipopewa juisi ya pasheni hakuinywa. Alichovya kidole, akarusha matone matatu chini, juu ya zulia la Rehmat, marehemu mke wa Nurudin, chini kabisa ya picha ya Rehmat mwenyewe, kisha ndipo akanywa. La pili, baada ya chakula Nurudin alipotoa kijisahani cha popoo, zile kokwa za kutafuna na tambuu, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba yao tangu Tabora walikotoka, yule bwana aliruka kwa furaha. Alichagua kipande, akakitafuna kwa ufundi wa mtu aliyezaliwa nacho.

"Umeijulia wapi popoo?" Nurudin aliuliza.

"Nyumbani. Kila mtu anatafuna," Namoh alijibu, akacheka.

Nurudin hakucheka. Mtu wa Taiwan, na popoo? Huyu ameelekezwa. Amesomeshwa nyumba hii ipendavyo kabla hajaingia.

Azmina alimsindikiza mgeni hadi kwenye gari. Aliporudi alimkuta baba yake amepiga magoti, analinusa zulia.

"Baba. No."

"Naangalia doa tu."

"Unakumbuka ulichoniahidi?"

Angesahau vipi? Miaka minne nyuma Azmina alikuwa amechumbiwa na kijana mmoja aitwaye Nabeel, mhandisi, mtu wa jamatkhana, nyumba yao ya ibada, familia inayofahamika. Nurudin akampigia simu bosi wa Nabeel huko Calgary, akajifanya wakala wa bima, akauliza maswali. Hakupata kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu. Lakini habari zikamfikia babake Nabeel, ambaye alisema hawezi kuozesha mwanawe kwenye nyumba inayowapeleleza watu kama wezi. Posa ikavunjika. Azmina alihamia Montreal, na miezi minane hakupokea simu ya baba yake hata mara moja. Kilichomrudisha ni ugonjwa wa mama. Kando ya kitanda cha Rehmat, mama akiwa anasikia, Azmina alimwapisha: "Ukimchunguza tena mtu wangu, naondoka na sirudi. Not for Eid, not for anything." Nurudin aliapa. Rehmat alifariki siku nne baadaye. Tangu hapo nyumba ya vyumba vinne ilikuwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa akishinda siku nzima akisubiri mlio wa gari la mwenzake.

Basi tuseme ukweli: mzee alijaribu. Alikaa wiki tatu bila kugusa kitu. Kilichomshinda ni barua.

Haikuwa yake, wala hakuifungua. Namoh aliisahau mezani, nayo ilikuwa wazi, na macho hayana pazia. Ilikuwa ya Kiingereza, kutoka shule moja ya pwani ya mashariki ya Taiwan: walikuwa wakimwomba Bwana Namoh arudi nyumbani awe kocha wa vijana, nyumba ya kuishi ipo, kazi ianze mwezi wa tisa. Nurudin aliisoma mara mbili amesimama. Atamchukua. Ndiyo maana popoo, ndiyo maana tabasamu. Atamchukua Azmina ampeleke upande wa pili wa dunia, na mimi nitabaki hapa na saa ya ukutani.

Asubuhi iliyofuata, Azmina alipokwenda kazini, Nurudin alishuka chini kwenye chumba cha mashine ya kufulia, akatoa faili la kahawia jipya kabisa, akaandika juu yake kwa kalamu nene: NAMOH DONGI.

Maisha ya mchezaji wa besiboli, kwa mtu wa bima, ni dai lililojiandika lenyewe. Kila mechi ina tarehe, kila mpira uliorushwa umehesabiwa na mtu fulani mahali fulani. Nurudin alifurahi kama zamani. Aliipata Herons, akaipata timu ya Meksiko, akazipata mbili za Marekani, akaziandika mechi zote kwa mkono, mstari kwa mstari. Halafu akafika mwanzo, na mwanzo ulikuwa ukuta. Mechi ya kwanza ya Namoh Dongi ilichezwa akiwa na miaka ishirini na tisa. Kabla ya hapo, hakuna. Si Taiwan, si popote.

Mtu hazaliwi ana miaka ishirini na tisa, Nurudin alijiambia, akapigia mstari.

Ilimchukua siku kumi. Alifungua magazeti ya Taiwan, akayatafsiri kwa simu, akatazama picha za warushaji mpaka macho yakamwasha. Ndipo akamwona. Sare ya bluu, kovu dogo kidevuni, mabega yale yale ya kujaza mlango. Chini ya picha palikuwa na jina jingine kabisa: Tien Kuo-jui. Alianza ligi kuu ya Taiwan akiwa na miaka kumi na tisa. Miaka minane ya kucheza, mechi arobaini na moja alizoshinda. Halafu, katikati ya msimu, Tien Kuo-jui akatoweka, na kwa miezi kumi na minane hapakuwa na Tien wala Namoh.

Na mwaka ule ule, katika timu ile ile, wachezaji watatu walifungiwa maisha kwa kuuza mechi.

Nurudin alivua miwani. Alipaswa kufurahi, kwa sababu hivi ndivyo dai la uongo linavyonuka likifunguliwa. Badala yake alihisi baridi. Akaandika pembeni: *Wa nne?*

Jumapili alimwambia Azmina anakwenda kumwona rafiki, akaendesha gari mpaka Downsview. Uwanja ulikuwa nyuma ya safu ya maghala, watu wamekaa juu ya majani na viti vyao vya kukunja. Alivaa kofia aliyoiteremsha hadi kwenye nyusi. Namoh alikuwa akirusha. Nurudin hakuujua mchezo, lakini aliijua miili ya watu wanaoficha jambo, na hakuona jambo. Aliona mtu anayetazama, anayevuta pumzi, anayeinua goti, na mpira unafika kabla mwenye gongo hajaamua. Hilo nalo likamtia shaka. Mtu mwenye mkono kama huu anafanya nini Downsview?

Kando yake alikaa mwanamume mwenye fulana ya ghala, anamshangilia Namoh kwa Kifaransa. Nurudin alimsalimu, akasikia lafudhi, akajaribu Kiswahili. Jamaa akafurahi. Alikuwa Félicien, mtu wa Uvira, anapakua mizigo zamu moja na Namoh.

"Ule ni mutu muzuri, Papa," Félicien alisema. "Anasaidia kila mutu. Lakini kuko kitu moja."

"Kitu gani?" Nurudin alisogeza kiti.

"Mbele ya kucheza, anaendaka pale kwa clôture, kwa uzio ule, anamwanga kinywaji chini. Na kidole. Kila mara. Mi nilizania ni fetishi, uchawi. Nikauliza pasteur, akasema niombe tu." Félicien alicheka, kisha akamtazama vizuri. "Papa, we ni wa famille yake?"

"Hapana," Nurudin alisema haraka mno. "Mtazamaji tu."

Kurudi nyumbani aliamua. Alikuwa na mtu mmoja duniani wa kumtuma, na kwa bahati mtu huyo alikuwa Taiwan. Ni Mohamedtaki, aliyesoma naye Tabora, aliyekwenda huko mwaka wa themanini na tisa kununua vipuri vya baiskeli na hakurudi tena. Watu wetu hawa wa jamatkhana kila mji duniani wana mmoja wao, na mchumba akija kutoka mbali, kabla ya posa kujibiwa, yule mmoja hutumwa akaulize. Ndivyo habari za babake Nurudin zilivyoulizwa Bukoba, ndivyo za Rehmat zilivyoulizwa Mwanza. Nurudin alijituliza kwa hilo. Si upelelezi, ni desturi. Alijua anajidanganya, na bado kesho yake akapiga simu, saa mbili asubuhi, ambayo kule ni saa mbili usiku.

"Nuru! Hujafa?" Mohamedtaki alisema.

"Sijafa. Nina kazi kwako."

Alimsomea maswali manane. Amewahi kufungwa? Ana mke? Ana mtoto? Anakunywa? Ana hasira? Alikuwa wapi ile miezi kumi na minane? Kwa nini alibadili jina? Na baba yake ni nani, maana lile Dongi amegundua ni jina la mwanamke.

"Bwana wee, unataka mkwe au unataka kuajiri polisi?"

"Nenda mwenyewe, usipige simu. Vaa koti. Na Azmina asijue."

"Nitavaa na tai," Mohamedtaki alisema. "Nichukue na zawadi? Siwezi kwenda nyumba ya watu mikono mitupu."

"Chukua chochote," alisema Nurudin, na hakulifikiria tena neno hilo mpaka baadaye.

Siku tisa alizosubiri zilikuwa ndefu. Namoh alikuja kula mara mbili. Mara moja Nurudin alimwona kupitia dirisha akishusha garini kitu kizito, akatazama kushoto na kulia, kisha akakirudisha na kufunga buti. Mara nyingine alimkuta amesimama sebuleni peke yake, anatazama picha ya Rehmat, midomo inachezacheza bila sauti. Yote yaliingia kwenye faili. Azmina naye alianza kumwangalia baba yake kwa jicho la pembeni.

"You're being nice," alisema wakiosha vyombo. "Kwa nini uko nice?"

"Mtu hawezi kuwa mwema nyumbani kwake?"

"Wewe? No."

Mohamedtaki alipiga simu Jumatano asubuhi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekula vizuri.

"Nuru, nimefika. Treni masaa matatu, halafu lori la mboga. Kijiji kizuri, milima nyuma, bahari mbele. Mama yake anaitwa Dongi, ndiyo hilo jina lake la pili. Kwao nyumba ni ya mama, na mtu huitwa kwa mama. Baba yupo, amekaa jikoni, mtu mpole sana."

"Kufungwa?"

"Hajafungwa. Hana mke, hana mtoto. Anakunywa sherehe za mavuno, kama wote. Hasira, mama anasema alimpiga mwalimu mmoja akiwa na miaka kumi na tatu, kwa sababu mwalimu alilicheka jina lake."

"Miezi kumi na minane?"

"Kiwiko. Kilikatika mshipa, akapasuliwa mara mbili. Mama kanionyesha picha za hospitali na tarehe. Wale wenzake wakiuza mechi, yeye alikuwa kitandani hawezi kushika kijiko. Klabu ikamwacha. Alirudi kwa mama akawa anapanda mtama. Siku moja akaenda ofisi ya serikali akalifuta lile jina la Kichina, maana babu yake aligawiwa tu na karani, akaandikisha lake. Alisema kama atarusha tena, atarusha kwa jina analoitwa na mama yake."

Nurudin alikuwa akiandika. Kalamu ilisimama. "Na matone? Anarusha matone chini kabla ya kunywa."

"Aa, wanawapa waliotangulia kwanza. Walio wa nyumba ile. Hata mimi nimefanya."

Nurudin aligeuza macho polepole kwenye zulia, mahali palipokuwa na alama tatu ndogo za pasheni chini ya picha. Lakini bado palikuwa na barua ile, na mwezi wa tisa ulikuwa njiani.

"Taki, kuna kitu wamekuficha?"

"Hawajaficha kitu. Ila kuna jambo sijalielewa." Mohamedtaki alisita. "Nilipotoa ile zawadi, boksi la keki na kitambaa cha mama, wote walinyamaza. Halafu mama akaanza kulia. Wakaita majirani. Wakachinja nguruwe, Nuru, nguruwe mzima! Mimi wakanipa samaki. Wameimba mpaka koo zimekauka. Mama kanishika mikono anauliza kama nyumba ya binti ina nafasi. Nikasema ina vyumba vinne. Akalia tena. Kwa maswali manane ya polisi, wamenishukuru mno."

Nurudin hakupenda hata kidogo. Katika kazi yake yote, mtu aliyeshukuru kwa kuchunguzwa ndiye aliyekuwa na la kuficha.

Jumapili, saa nane mchana, kengele ya mlango ililia. Azmina alifungua. Namoh alikuwa amesimama kizingitini amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na begani amebeba mzigo wa kuni. Kuni kabisa, magogo yaliyopasuliwa na kufungwa kwa kamba, aina ile inayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa watu wanaokwenda kupiga kambi.

"What is that?" Azmina alisema. "Sisi tuna gesi."

Namoh alivua viatu, akapita, akazishusha kuni taratibu mbele ya miguu ya Nurudin, akasimama wima, mikono yake mikubwa haijui ikae wapi.

"Mama alinipigia simu," alisema. "Mjumbe wako amefika."

Nurudin hakuthubutu kumtazama binti yake.

"Kwetu," Namoh aliendelea, akitafuta maneno moja moja, "nyumba ni ya mwanamke. Akimtaka mwanaume, watu wa nyumba yake ndio wanaokwenda kumwomba. Wanatuma mtu mzima, amevaa vizuri, ana zawadi. Anakaa na mama, anauliza mambo yote. Kama ni mlevi, ana hasira, ana mwanamke mwingine. Mama akikubali, mwanaume anapeleka kuni kwenye nyumba ya mke, na anahamia huko. Siku hizi watu hawafanyi tena. Kuni hizi ninazo garini wiki nzima, naona aibu, nilitaka kuleta mwenyewe bila kuitwa. Halafu wewe ukatuma."

Namoh alikohoa.

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili walipokuja watu wa kwanza. Wasaka vipaji. Walinipima mkono, vidole, wakauliza narusha jiwe umbali gani. Wakanichukua kwa basi. Baadaye wakaja wengine, na wengine, miaka ishirini. Wote wameuliza mkono. Mama anasema mjumbe wako alikaa masaa manne na hakuuliza mkono hata mara moja. Aliuliza mimi ni mtu gani." Alifuta macho kwa kiganja. "Shule ya nyumbani nimewaandikia kwamba siji. Mwanaume ndiye anayehama. Nitakaa popote mtakaponiambia."

"Baba," Azmina alisema.

Nurudin aligeuka. Binti yake, ambaye tangu shule ya msingi humjibu kwa kuchanganya Kiingereza hata akiulizwa kwa Kiswahili, alikuwa ameweka mkono mdomoni, na machozi yanamtiririka.

"Ulituma posa?" aliuliza. "Baba, ulinitumia posa?"

Hapo sasa. Lilikuwa dai tamu kuliko yote aliyowahi kuletewa. Mkwe haondoki, binti haondoki, nyumba inajaa, na yeye mwenyewe ni shujaa. Hakutakiwa hata kusema uongo, alitakiwa kunyamaza tu. Mohamedtaki angenyamaza vilevile, na kule kijijini nguruwe alikwisha kuliwa. Nurudin alitaka kunyamaza kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini lilikuwa dai la uongo, analijua ni la uongo, na mtu aliyekuwa akishukuru mbele yake alikuwa ameweka kuni zake chini bila kuficha chochote.

Alishuka chini. Alipopanda alikuwa na faili la kahawia.

"Sikutuma posa," alisema kwa Kiswahili, akimtazama Azmina, kisha akarudia kwa Kiingereza akimtazama Namoh. "Nilituma mpelelezi. Nilidhani umeuza mechi. Nilidhani umebadili jina kujificha. Nilisoma barua yako, nikakufuata uwanjani. Nilimwapia binti yangu mbele ya mama yake kwamba sitafanya hivi tena, na nimefanya. Yote yamo humu."

Akaliweka faili juu ya kuni.

Uso wa Azmina ulijifunga. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alichukua funguo za gari kwenye ndoano, akaenda mlangoni, akaanza kuvaa viatu. "Miaka mitatu," alisema kwa Kiswahili, sauti chini kabisa. "Miaka mitatu tu tangu mama afe, ukashindwa." Nurudin alisimama palepale. Kwa mara ya kwanza hakutafuta la kujitetea.

Namoh alikuwa amepiga magoti, amelifungua faili. Alipita zile alama za kuuliza bila kusimama, akapita *Wa nne?* bila hata kukunja uso. "Mama alijua," alisema bila kuinua kichwa. "Alisema mjumbe ameuliza kuhusu jela. Lakini kwetu pia wanauliza hivyo." Akageuza ukurasa, halafu mwingine. Mikono ikaanza kwenda polepole.

Ilikuwa ile orodha. Mechi moja moja, kwa mwandiko mdogo ulionyooka wa karani wa bima. Kwanza za Tien Kuo-jui, miaka minane. Halafu nafasi tupu ya miezi kumi na minane, na kando yake, kwa wino mpya wa Jumatano, neno *kiwiko*. Halafu, bila mstari wa kutenganisha, za Namoh Dongi. Ushindi wa kwanza ulikuwa wa kijana wa miaka kumi na tisa katika mvua, wa mwisho ulikuwa Downsview. Chini kabisa Nurudin alikuwa amejumlisha, kwa mazoea tu, maana hakuwahi kuacha safu bila jumla.

"Sitini na saba," Namoh alisoma.

Azmina, kiatu kimoja mguuni, aligeuza kichwa.

"Mama ananiuliza kila mwaka nimeshinda mara ngapi," Namoh alisema. "Naangalia kwenye kompyuta. Tien ana arobaini na moja. Namoh ana ishirini na sita. Namwambia moja au nyingine, na yeye anauliza, huyo ni yupi?" Alipitisha kidole juu ya ile nafasi tupu, kutoka jina moja hadi jingine, na sauti ikamtoka vibaya. "Hakuna mtu aliyewahi kutuweka pamoja."

Alilia waziwazi, mtu mzima, magotini mbele ya kuni. Nurudin alitaka kumshika bega, akaogopa kama anaruhusiwa. Azmina alirudi kutoka mlangoni akichechemea na kiatu kimoja, akainama juu ya Namoh, akausoma ule ukurasa kutoka juu hadi chini. Ulikuwa mrefu. Alipofika kwenye jumla alilifunga faili, akaliweka kwapani.

"Sijakusamehe," alimwambia baba yake.

"Najua."

"Na hili si lako tena."

"Si langu."

"Kuni ziweke mahali pazuri. Amezibeba wiki nzima."

Nurudin aliinua mzigo, ukamwelemea, akauinua tena, akaanza kuzunguka nao ndani ya nyumba yake isiyo na meko. Mwishowe aliupanga ukutani, chini ya picha ya Rehmat, gogo juu ya gogo, akihakikisha kila moja limekaa. Alipogeuka, Azmina alikuwa amekaa kwenye ngazi na faili mapajani, anavua kiatu.